King'amuzi kinaganda kila ikifika taarifa ya habari ya usiku: nguvu 95, ubora 20. Tatizo ni nini?

BintiMkubwa

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na kabla hamjaniandikia "nunua antena nyingine" naomba mmalize kusoma, maana ushauri huo nimeshapewa na watu wanne na antena nimeshabadilisha.

Naishi na mzee wangu. Baba ana ratiba moja isiyoguswa: saa mbili kasoro dakika tano usiku anakaa kwenye kiti chake, anadai rimoti, anaongeza sauti, anasubiri taarifa ya habari. Enzi za analojia tulikuwa na chenga, na msomaji alikuwa na kivuli pembeni kama pacha wake, lakini alisoma mpaka mwisho. Sasa tuna king'amuzi. Picha ni safi mno, unahesabu vifungo vya shati la msomaji, halafu ghafla mdomo unaganda ukiwa wazi, uso unakatika vipande vipande kama vigae, sauti inakwaruza mara mbili tatu, kimya. Yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Mzee haiangalii TV, ananiangalia mimi.

Hali yenyewe iko hivi. King'amuzi ni cha T2 (DVB-T2, toleo la pili la mfumo wa TV ya kidijitali ya antena), kimeunganishwa na TV ya zamani kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Antena ni ya nje, ile ya mifupa ya samaki, juu ya bomba, kama mita 4 kutoka kwenye bati. Waya unashuka ukutani, unapita juu ya baraza, unaingilia dirishani. Nimeupima kwa futi kamba: mita 18. Katikati una kiungo, kwa sababu waya wa kwanza ulikuwa mfupi, fundi akaunga. Nyuma ya king'amuzi kuna busta (ya kukuza mawimbi) ya kuchomeka kwenye umeme, hiyo ndiyo niliyouziwa mwisho.

Chaneli zetu zinakuja kwenye masafa mawili. Ya megahezi 642 hayana shida, usiku wala mchana. Ya 514, ambako ndiko iliko chaneli ya mzee, asubuhi ni shwari kabisa, jioni yanakufa. Nikifungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu wakati picha imeganda, nasoma nguvu asilimia 95, ubora asilimia 20. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Nguvu 95, halafu king'amuzi kinasema hakuna mawimbi?

Kabla ya busta nguvu ilikuwa 60 na ushee. Nimeweka busta, nguvu imepanda, na kuganda nako kumezidi. Nimeazima king'amuzi cha jirani, tabia ile ile. Antena nimeizungusha mpaka bomba limelegea. Nimebakiza nini?

Kijana wa Paa

Pole sana dada. Mimi nakwambia hiyo ni antena tu, hata kama umebadilisha. Hiyo ya mifupa ya samaki ni ya analojia. Tafuta ile bapa nyeusi ya kidijitali, imeandikwa kabisa 4K kwenye boksi. Mimi ninayo na inavuta vizuri, nikishaigusa kidogo na mkono.

Chenga Mbili

Mkuu hapo juu, kama unaishika na mkono ndipo ivute, basi antena ni wewe.

Tuache utani. Hakuna antena ya analojia wala ya kidijitali. Antena ni chuma kilichokatwa kwa urefu wa kulingana na masafa, na chuma hakijui kama kilichokipitia ni picha ya mwaka 1980 au ya leo. Masafa ya 514 yana wimbi la sentimita 58 hivi, kwa hiyo fito za antena ya kuyapokea zinakaribia nusu ya hapo, kama sentimita 29. Dada, zipime zako. Zikiwa zinacheza kwenye urefu huo, antena yako ni ya UHF, yaani masafa ya juu kama hayo yako, na inafaa. Zikiwa karibu sentimita 75 hiyo ni ya VHF, masafa ya chini zaidi, na hapo ndipo Kijana atakuwa amebahatisha.

Kwenye king'amuzi umefanya vizuri kutaja T2. Mimi niliwahi kuletewa zawadi kisanduku cha T tupu. T ilitoka 1997, T2 ikaja 2009, na T2 inasoma T lakini T haisomi T2 hata kwa maombi. Jumamosi mbili nzima niko juu ya paa nazungusha antena kutafuta mawimbi ambayo kisanduku kisingeyasoma hata ningekipeleka chini ya mnara. Wanaoletewa vifaa kutoka Marekani ndio wana msiba kabisa, kule wanatumia ATSC, lugha nyingine. Lakini wewe asubuhi unaona, kwa hiyo hilo halikuhusu. Nimelisema kwa ajili ya atakayeusoma uzi huu baadaye.

Swali langu: fito za antena zimelala au zimesimama? Angalia za majirani wanaopata vizuri. Mnara ukirusha mawimbi ya kulala na wewe umesimamisha fito, unapoteza sehemu kubwa sana ya ulichostahili kupata, na kuzungusha kushoto na kulia hakutakusaidia.

BintiMkubwa

Asante. Nimepanda asubuhi hii. Fito nyingi ni kati ya sentimita 22 na 30, zimelala, na za majirani wote zimelala. Zinaelekea upande mmoja na yangu.

Fundi Mstaafu

Mwanangu, hujambo. Nimepanda mapaa ya watu miaka mingi, nikaacha kwa sababu ya magoti na si kwa sababu ya kuchoka. Nikueleze hizo namba mbili kwanza, maana wengi wanauziwa vitu kwa kutozielewa.

Nguvu ni ukubwa wa kila kinachoingia kwenye tundu la king'amuzi katika masafa yale. Kila kinachoingia: habari za mzee wako, uchafu wa umeme, kelele za busta yenyewe, vyote vinahesabiwa pamoja. Ubora ni king'amuzi kinakwambia: katika yote niliyosikia, haya ndiyo niliyoyaelewa. Mtu akikupigia kelele sikioni huku mashine ya kusaga inanguruma, nguvu ni 95. Maneno uliyoyashika ni 20. Ukimwekea spika, mashine nayo itaongezeka.

Ndiyo maana busta yako imepandisha namba moja ikaiangusha nyingine. Busta haichagui. Inakuza chema na kibaya, inaongeza na kelele yake kidogo, na ikipokea mawimbi makali kupita uwezo wake inaanza kuzalisha takataka mpya ambayo haikuwepo kwenye antena. Mahali pa busta, kama kweli inahitajika, ni juu kwenye bomba, jirani na antena, kabla waya haujala chochote. Kuiweka nyuma ya king'amuzi ni kukuza mabaki. Waya mzuri wa antena, ule wa aina ya RG-6, katika masafa yako, mita 18 unakula karibu nusu ya mawimbi. Nusu inatisha kwa kuisikia, lakini king'amuzi hakijali nusu. Ulikuwa na nguvu 60 bila busta. Watu wanaangalia raha mustarehe na 45. Tena asilimia hizo kila mtengenezaji anajipangia za kwake, usizilinganishe na za king'amuzi cha aina nyingine.

Jambo la pili ni hili la kuganda ghafla. Analojia ilikuwa inachakaa taratibu: chenga kidogo, chenga nyingi, mpaka unaangalia kivuli. Dijitali inakuja na nyongeza ya kusahihisha makosa. Makosa yakiwa machache king'amuzi kinayasahihisha kimyakimya na wewe huoni lolote. Yakizidi kiwango kinashindwa yote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi mwaka mzima hatua moja kutoka ukingoni asijue, siku likiongezeka jambo dogo tu anaanguka. Wewe asubuhi uko karibu na ukingo. Jioni kuna kitu kinakusukuma.

Sasa tukitafute. Kinachokuja jioni tu huwa ni kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni hewa: siku za joto, jua likizama, hewa ya chini inapoa na ya juu inabaki na joto, mawimbi ya mitambo ya mbali yanapinda na kufika kusikotakiwa, yanagongana na ya kwako. Hiyo haiji kila siku, na inakuja ikipanda na kushuka polepole. Cha pili ni umande kuingia kwenye kiungo kibovu. Huo nao unakuja taratibu, na mara nyingi alfajiri ni mbaya kuliko saa moja usiku. Cha tatu ni vitu vya umeme ambavyo watu huwasha jioni. Hiyo inaanguka kama kisu.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa busta kabisa, waya wa antena uingie moja kwa moja kwenye king'amuzi. Halafu jioni kaa na daftari, fungua ukurasa wa mawimbi kwenye 514 tangu saa kumi na mbili, uandike ubora kila dakika kumi. Usizungushe antena. Usiguse chochote. Andika tu.

Kijana wa Paa

Mzee mimi nilijua nguvu ndiyo kila kitu. Yangu iko 99.

BintiMkubwa

Shikamoo Fundi. Nimefanya ulivyosema, jana na juzi. Juzi jioni:

Saa kumi na mbili na nusu: nguvu 58, ubora 69.
Saa moja kasoro kumi: 58, 68.
Saa moja kamili: 58, 69.
Saa moja na dakika kumi: 59, 36.
Saa moja na nusu: 59, 37.
Saa mbili: 59, 35.

Jana imekuwa hivyo hivyo, ila 69 ilidumu mpaka saa moja na robo. Haishuki polepole. Nilipotazama ilikuwa 69, nilipogeuka kurudi ilikuwa 36. Masafa ya 642 nayo yanashuka wakati huo huo, ila kutoka 78 mpaka 66, kwa hiyo hata hatuoni tofauti kwenye picha.

Bila busta habari haifi kabisa. Inaganda kila baada ya dakika moja au mbili, inarudi. Mzee amesema "afadhali", na kwa wanaomfahamu hiyo ni sifa kubwa.

mtu_kati

Juzi saa moja na dakika kati ya 0 na 10, na jana baada ya saa moja na robo, uliwasha nini?

BintiMkubwa

Ndugu yangu mtu_kati, nimekaa na swali lako mchana kutwa nikaliona la ajabu. Nikasema mimi siwashi kitu, niko na daftari! Mpaka jioni hii nilipokuwa narudi kutoka kufunga geti. Mkono ulikuwa kwenye swichi ya taa ya baraza ndipo nikakumbuka. Kila siku nafunga geti, nawasha taa ya baraza, naingia ndani kumkuta mzee ameshanuna.

Nimeita mdogo wangu asimame kwenye swichi, mimi niko mbele ya TV. Taa imezimwa: ubora 68. "Washa!" Sekunde mbili, 36. "Zima!" 68. Tumerudia mara tano. Mzee akauliza kama tunampigia mtu ishara.

Ni taa ya LED, tuliibadilisha ile ya zamani ilipoungua, na sasa nikihesabu vizuri, kuganda kulianza baada ya hapo. Lakini taa ya baraza na TV ya sebuleni wapi na wapi? Ziko umeme mmoja, sawa, ila na feni ziko umeme huo huo na hazifanyi hivyo.

Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Daftari limefanya kazi ambayo busta haikuifanya, na swali la mtu_kati limefupisha safari. Mimi ningekupeleka kwenye kuzima kimoja kimoja.

Ndani ya taa ya LED kuna kisakiti kidogo kinachokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuupunguza ufike kiwango cha vile vidoti vya mwanga. Kila mkato unarusha uchafu wa redio. Taa iliyotengenezwa vizuri ina kichujio cha kuuzuia. Iliyotengenezwa kwa kubana matumizi inaacha uchafu utoke, na nyaya za swichi zinakuwa antena yake ya kurushia. Chaja za simu za ovyo na adapta za ving'amuzi vyenyewe zinafanya hayo hayo. Uchafu huo ni mwingi zaidi kwenye masafa ya chini na hupungua kadiri unavyopanda, ndiyo sababu 514 imeumia na 642 imekwaruzwa tu. Wenye chaneli za VHF, huko kwenye 174 mpaka 230, wao wanaumia zaidi yako.

Lakini hiyo ni nusu ya hadithi, na ukiishia hapo utabadilisha taa leo, kesho jirani atanunua ya kwake, uanze tena. Waya wa antena usio na kasoro haupaswi kuiona taa ya baraza hata ukipita juu yake. Umejengwa kwa ajili hiyo: kiini cha shaba katikati, plastiki nyeupe, halafu karatasi ya bati na msuko wa nyuzi unaokizunguka kiini chote, halafu gamba. Msuko ule ndio ukuta. Uchafu unagonga ukuta unaishia hapo. Ukuta ukiwa na tundu, kila kilicho jirani kinaingia. Na wewe uliandika mwanzoni, nikalipigia mstari: katikati kuna kiungo. Kiko sehemu gani? Usinijibu, nakisia. Kiko juu ya baraza.

Kifungue. Zima umeme wa taa hiyo kwanza, na king'amuzi kichomoe. Ukikuta kimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa gundi ya mkanda, kikate chote, sentimita tano kila upande, mpaka uione shaba yenye rangi yake. Ikiwa ya kijani au nyeusi, endelea kukata. Halafu tumia koneka mbili za F (vile vichwa vya chuma vya waya wa antena) za kubana na kile kiunganishi cha tundu mbili kinachozipokea. Menya gamba la nje kama sentimita moja na nusu, kunja msuko nyuma juu ya gamba, hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa msuko unaogusa kiini, maana unywele mmoja unatosha kuua kila kitu. Ule weupe umenye mpaka usawa wa ndani wa koneka, kiini kichomoze kidogo tu, milimita mbili hivi kupita ukingo. Funga mpira wa kuzuia maji juu yake, kisha acha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani, maji ya mvua yadondoke pale chini ya tumbo badala ya kuufuata waya mpaka kwenye TV.

Kiunganishi kikae mbali na taa. Waya wenyewe ukiweza uhamishe, upite upande wa pili wa nguzo. Na ukipanda juu angalia nyaya za umeme ziko wapi kabla hujainua bomba lolote. Hilo nawaambia wote. Nimewahi kuzika mwenzangu wa kazi.

Chenga Mbili

Naongezea dogo: kama una mpango wa kumwekea mzee TV ya pili chumbani, spilita (kigawanya mawimbi) ya njia mbili inamgawia kila mmoja chini kidogo ya nusu. Ya njia nne, chini ya robo. Na tundu usilotumia lizibe kwa kile kifuniko chenye rizista ya ohm 75, usiliache wazi.

Kijana wa Paa

Fundi, na umbali je? Mimi nadhani niko mbali sana na mnara ndiyo maana naishika antena.

Fundi Mstaafu

Kijana, chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, fanya hivyo na urefu wa antena yako, jumlisha, zidisha kwa 4.12. Hizo ndizo kilomita ambazo mawimbi yanafika kabla ya mgongo wa dunia kuyazuia, kama hakuna kilima. Mnara wa mita 300 na antena ya mita 9: 17.3 na 3, jumla 20.3, ni kama kilomita 84. Antena yako iko wapi kwa urefu?

Kijana wa Paa

Juu ya TV.

Fundi Mstaafu

Ndani, chini ya bati?

Kijana wa Paa

Ndiyo mzee.

Fundi Mstaafu

Basi mnara tuuache kwanza. Toa antena nje ya bati.

BintiMkubwa

Nimerudi na majibu. Samahani kwa kuchelewa, mvua ilinyesha siku mbili nikashindwa kupanda.

Kiungo kilikuwa juu ya baraza, Fundi, kama nusu mita kutoka kwenye taa. Nilipoufungua mkanda, tabaka la kwanza lilikuwa jeusi, la pili jekundu, la tatu mfuko wa plastiki. Yakadondoka maji. Ndani, kiini kimesokotwa kwa kiini, vizuri kabisa, sina la kulaumu. Msuko umekatwa pande zote mbili na kuachwa hivyo hivyo, ncha zake zimekuwa kijani, na kati ya ncha moja na nyingine kuna uwazi wa vidole vitatu. Yaani ukuta ulikuwa na mlango. Kwa muda wote huo nilikuwa nikipanda juu kuzungusha antena, na njiani nampita mgonjwa.

Nilikata mpaka nikafika kwenye shaba nyekundu, upande wa juu ilibidi sentimita kumi na mbili. Koneka ya kwanza niliiharibu, unywele mmoja wa msuko uligusa kiini, TV ikasema hakuna mawimbi kwenye masafa yote mawili, na moyo ukanidunda. Ya pili imekubali.

Vipimo, bila busta, 514: taa imezimwa, nguvu 61, ubora 76. Taa imewashwa, ile ile mbovu, ubora 67! Nimehamisha na waya upande wa pili wa nguzo ikawa 71. Halafu nikabadilishana taa, ya baraza nikaipeleka stoo na ya stoo nikaileta barazani, ikawa 75 hata ikiwaka.

Jana mzee ameangalia habari yote, na hali ya hewa, na michezo ambayo haipendi.

Limebaki moja. Baada ya kazi nilisachi chaneli upya na sasa kila chaneli ipo mara mbili, moja ya zamani na moja mpya kule mwisho kwenye mia nane na kitu. Mzee akibonyeza ya zamani wakati mwingine anapata nyeusi.

mtu_kati

Ulisachi juu ya orodha ya zamani, kikaziongeza badala ya kuzibadilisha. Futa chaneli zote kwanza au rudisha mipangilio ya kiwandani, halafu sachi kwa otomatiki mara moja. Fanya mawimbi yakiwa mazuri, kwa sababu ambacho hakisomeki dakika ile hakiingii kwenye orodha. Na usiguse sehemu ya umeme wa antena kwenye menyu, iache imezimwa. Ile ni ya kupeleka volti 5 kwa antena zenye busta ndani, yako haina.

BintiMkubwa

Imekubali. Chaneli ya mzee nimeihamishia namba 3.

Fundi, na wewe mtu_kati, na Chenga Mbili, asanteni sana. Busta bado nzima kabisa iko na boksi lake. Kuna anayeihitaji?

Kijana wa Paa

Mimi dada!

Fundi Mstaafu

Kijana, ubora wako ni ngapi?